Chama Bila Nyumba: Safari ya Mrengo wa Kushoto Mjini Brussels

Neno "chama" lina kazi nyingi katika Kiswahili. Kuna chama cha siasa, chama cha wafanyakazi, chama cha ushirika, na hata chama cha wanafunzi kama hiki chetu. Kule Kenya, kina mama wanaochangishana fedha kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu nao husema wana chama. Wenzetu wanaojifunza lugha hii wakitokea kwenye Kifaransa au Kiholanzi hulalamika kila mwaka: mbona kwao kila kimoja kati ya vitu hivyo kina jina lake, na Kiswahili kinavikusanya vyote chini ya neno moja?

Tulipoanza kusoma historia ya siasa za mji huu tunamoishi, lalamiko hilo lilitusaidia. Chama cha kisoshalisti cha Ubelgiji kilipozaliwa kilikuwa chama kwa maana hizo zote kwa pamoja: kilikuwa duka, mfuko wa wagonjwa, muungano wa wafanyakazi, ukumbi wa ngoma na kundi la waomba kura. Leo kimebaki zaidi na ile maana ya mwisho. Makala hii inadai kwamba hapo ndipo ulipo ugonjwa wa vyama vya mrengo wa kati-kushoto, hapa Brussels na kwingineko duniani, na kwamba sisi tunaosoma na kufanya kazi katika mji huu tunaguswa na ugonjwa huo, hata wale kati yetu wasio na haki ya kupiga kura.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Tunaposema mrengo wa kati-kushoto tuna maana ya vyama vinavyokubali soko huria na uchaguzi, lakini vinataka serikali iwatoze kodi wenye nacho, imlinde mfanyakazi, na igharimie shule, hospitali na pensheni. Katika nchi moja vinaitwa vya kisoshalisti, katika nyingine vya demokrasia ya kijamii, na Uingereza ni chama cha Leba.

Mkate kwanza

Mwezi Aprili 1885 wajumbe wa vikundi vya wafanyakazi walikutana katika nyumba iitwayo Le Cygne, kwenye uwanja mkuu wa Brussels, wakaunda Chama cha Wafanyakazi wa Ubelgiji. Wakati huo nyumba ile ilikuwa mkahawa wa kawaida. Baadaye iligeuzwa mgahawa wa watu wenye pesa. Wengi wa waliowakilishwa pale hawakuwa na kura. Sheria iliwaruhusu kupiga kura wanaume waliolipa kodi ya kiwango fulani tu, na mfanyakazi wa kiwandani au wa mgodini hakukifikia.

Basi hawakuanza na kampeni, walianza na mkate. Mjini Ghent, ushirika ulioitwa Vooruit, yaani "Mbele", ulikuwa ukioka mkate tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880 chini ya uongozi wa Edward Anseele. Brussels nayo ilikuwa na ushirika wake wa waokaji. Mwanachama alipata mkate safi usiopunjwa uzito, na faida ikamrudia: sehemu ililipwa kama gawio, sehemu ikaingia katika mfuko wa wagonjwa, na sehemu ikagharimia gazeti, mikutano na migomo. Mtu aliyeingia dukani kununua mkate alikuwa tayari ameingia chamani. Hakuhitaji kwanza kusoma vitabu vya Karl Marx, ingawa Marx mwenyewe aliishi Brussels kuanzia 1845 hadi alipofukuzwa nchini mwaka 1848.

Kwa nguvu hiyo ya mkate na mfuko, waliweza kugoma. Mgomo mkuu wa Aprili 1893 ulilazimisha Bunge kuwapa wanaume wote haki ya kupiga kura, ingawa wenye mali na elimu walipewa kura za ziada. Mwaka uliofuata Wasoshalisti 28 waliingia bungeni. Mwaka 1919 kila mwanamume alipiga kura moja. Wanawake walisubiri hadi 1948 kupata haki hiyo katika uchaguzi wa Bunge. Mwaka 1921 ilipitishwa sheria ya saa nane za kazi kwa siku. Mwaka 1936, baada ya mgomo mwingine mkubwa, wafanyakazi walipata likizo ya malipo ya siku sita kwa mwaka. Na tarehe 28 Desemba 1944, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka mikononi mwa Wajerumani, ikatiwa saini sheria ya hifadhi ya jamii iliyosukumwa na waziri wa Kisoshalisti, Achille Van Acker: pensheni, matibabu, posho ya watoto na fidia ya kukosa kazi vikawa haki badala ya hisani.

Nyumba ya Umma

Mali kubwa ya chama hicho ilikuwa jengo. Mwaka 1899, karibu na mtaa wa Sablon, ilifunguliwa Maison du Peuple, ambayo sisi tunaiita Nyumba ya Umma. Aliyeichora ni Victor Horta, msanifu majengo maarufu kuliko wote wa mji huu, ambaye matajiri walikuwa wakimlipa awajengee nyumba zao. Aliwajengea wafanyakazi jumba la chuma na vioo ili mwanga uingie, kwa sababu, kwa mtazamo wake, mwanga na hewa ndiyo anasa ambayo maskini alinyimwa katika vichochoro alimoishi. Ndani mlikuwa na mkahawa, maduka ya ushirika, ofisi za miungano ya wafanyakazi, na juu kabisa ukumbi mkubwa wa mikutano na burudani.

Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1965, licha ya wasanifu majengo wa nchi nyingi kupinga. Mahali pake pakajengwa mnara wa ofisi. Baadhi ya vyuma vyake viko Antwerp leo, vikipamba mkahawa.

Hatutaki kusema kwamba mrengo wa kushoto ulianguka kwa sababu ya jengo moja. Lakini tunaona mantiki iliyoliangusha. Baada ya 1944 mambo mengi yaliyowaleta watu katika Nyumba ya Umma yalichukuliwa na sheria. Daktari analipwa na bima, mkate unauzwa na kila duka, na sinema ziko kila mtaa. Ushindi wa chama ndio ulioifanya nyumba ionekane haina kazi. Na tuwe wakweli: Ubelgiji imehifadhi zaidi kuliko majirani zake. Karibu nusu ya wafanyakazi bado ni wanachama wa miungano yao, mfuko wa bima ya afya wa Solidaris bado una asili yake ya kisoshalisti, na asiye na kazi bado anaweza kulipwa fidia yake kupitia muungano wake. Ila vyombo hivyo vimekuwa madirisha ya huduma. Mtu huchukua namba, hungoja zamu yake, hupata alichokifuata, hurudi nyumbani. Hakuna anayemwambia kwamba haki hiyo iligombaniwa, wala nani anaweza kuipokonya.

Mwaka 1978 chama chenyewe kiligawanyika kwa mpaka wa lugha. Wasema Kifaransa wakabaki na Chama cha Kisoshalisti, PS. Wasema Kiholanzi wakawa na chama chao ambacho, baada ya kubadili jina zaidi ya mara moja, tangu 2021 kinaitwa Vooruit, kwa kukumbuka ule ushirika wa mkate. Jina limerudi; tanuri halijarudi.

Pale mshikamano ulipoishia

Sisi wa klabu ya Kiswahili hatuwezi kuisimulia historia hii bila kutaja Kongo. Mshikamano wa wafanyakazi wa Ubelgiji ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa bahari.

Si kwamba hakukuwa na sauti. Emile Vandervelde, kiongozi mashuhuri wa chama, aliukemea bungeni utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1909 alisafiri hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuwatetea mahakamani wamisionari wawili wa Kimarekani, William Morrison na William Sheppard, walioshtakiwa kwa kuandika juu ya mateso ya watu wa Kasai. Walishinda kesi. Lakini koloni lilibaki koloni, na utajiri wake ukaendelea kuingia katika nchi ambayo Wasoshalisti nao waliiongoza kwa vipindi.

Kule Katanga, Kiswahili kilikuwa kikikua katika kambi za migodi ya shaba. Desemba 1941 wachimbaji wa Union Minière mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai mishahara. Askari waliwapiga risasi na makumi wakafa. Miaka mitatu baadaye sheria ya hifadhi ya jamii ilitiwa saini, na haikuwahusu wafanyakazi hao. Tunayataja haya kwa sababu wajukuu wa wafanyakazi wale wako Brussels leo. Mwaka 2018 meya Msoshalisti wa jiji, Philippe Close, alizindua uwanja wenye jina la Patrice Lumumba kwenye mlango wa Matonge, mtaa wa Waafrika uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Lilikuwa jambo jema. Mwaka huohuo meya wa kwanza mweusi katika Ubelgiji, Pierre Kompany, mzaliwa wa Bukavu, alichaguliwa katika manispaa ya Ganshoren. Hakusimama kwa tiketi ya Wasoshalisti, bali alitoka chama cha mrengo wa kati.

Mfanyakazi wa leo ni nani?

Ukitembea dakika chache kutoka Matonge unafika kwenye Bunge la Ulaya. Saa kumi na moja alfajiri, watu wanaoingia katika ofisi za mtaa ule si wabunge, ni wasafishaji. Baadaye jioni wanapita vijana wa baiskeli wenye mabegi ya mraba mgongoni, wakipeleka chakula milangoni. Katika nyumba za watu wenye kipato kizuri, kazi ya usafi na kupiga pasi inalipwa kwa hati maalumu zinazochangiwa na serikali, na hapa Brussels karibu wote wanaoifanya wana asili ya nchi nyingine, wengi wao wanawake.

Hao ndio wafanyakazi wa mji huu. Mwaka 1885 wangekuwa ndio wanachama wenyewe. Leo kuna vizuizi viwili kati yao na chama.

Cha kwanza ni kura. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa mkoa wa Brussels hawana uraia wa Ubelgiji. Asiye raia hapigi kura katika uchaguzi wa mkoa wala wa Bunge la taifa. Anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kupiga kura ya manispaa ikiwa ameishi nchini kwa miaka mitano na amejiandikisha. Sheria hiyo ilipitishwa 2004 na kutumika kwa mara ya kwanza 2006, lakini wengi hawajiandikishi. Kwa hiyo tumerudi kwa namna fulani kwenye hali ya 1885: sehemu kubwa ya wanaofanya kazi ngumu hawamchagui anayeamua mishahara yao. Tofauti ni kwamba siku zile chama kiliwafuata wasio na kura na kuwapa mkate. Siku hizi mtaalamu wa kampeni anaangalia orodha ya wapiga kura, na asiyekuwemo haonekani.

Cha pili ni aina ya kazi. Mgodini watu elfu moja walishuka pamoja na kupanda pamoja. Kijana wa baiskeli anapangiwa kazi na programu ya simu, na msafishaji wa majumbani yuko peke yake siku nzima. Mrengo wa kushoto haukukaa kimya kabisa hapa. Mwaka 2023 mahakama ya kazi ya Brussels iliamua kwamba wapelekaji chakula wa Deliveroo ni waajiriwa, si wafanyabiashara wa kujitegemea, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kuhusu kazi za namna hiyo, iliyoanza kusukumwa na kamishna Msoshalisti kutoka Luxembourg, Nicolas Schmit. Ni ushindi wa kweli. Lakini ulipatikana mahakamani na katika kamati. Yule kijana wa baiskeli huenda hajui kwamba kuna aliyemtetea.

Uchaguzi wa 2024 ulivyosema

Tarehe 9 Juni 2024 Wabelgiji walichagua mabunge yao yote kwa siku moja. Katika Wallonia, ngome ya Wasoshalisti kwa miongo mingi, chama cha kiliberali cha MR kilishika nafasi ya kwanza kwa viti 26 kati ya 75, na PS ikapata 19. Katika Bunge la Brussels, upande wa wasema Kifaransa, MR ilipata viti 20, PS 16, na chama cha Kimarx cha PTB viti 15. Katika Bunge la taifa lenye viti 150, PS ilipata 16, PTB 15 na Vooruit 13.

Ukizitazama namba hizo unaona kwamba PS inavutwa pande tatu kwa wakati mmoja.

Upande wa kulia, MR iliwaambia wafanyakazi jambo rahisi: anayeamka asubuhi kwenda kazini lazima apate wazi zaidi kuliko asiyefanya kazi. Maneno hayo hayakuwagusa matajiri tu. Yalimgusa mwenye mshahara mdogo, ambaye kila mwezi anahesabu yuro zilizobaki na kumtazama jirani anayeishi kwa posho. Hapo mfuko ulioundwa mwaka 1944 ili kuwaunganisha wafanyakazi ukageuzwa kitu cha kuwagombanisha. PS ilijibu kwa kutetea mafao, lakini kutetea si sawa na kuahidi.

Upande wa kushoto, PTB ilifanya kile ambacho Wasoshalisti walikifanya zamani. Kwa miaka mingi imeendesha zahanati ziitwazo Tiba kwa Watu, ambako mgonjwa anamwona daktari bila kulipa mfukoni, na wabunge wake huweka kwa ajili yao kiasi cha mshahara wa mfanyakazi wa kawaida tu. Mtu anaweza kupinga Umarx wao, nasi klabuni tunabishana sana juu ya hilo, lakini hawezi kukataa kwamba wana mlango ambao mtu wa kawaida anaweza kuubisha siku isiyo ya uchaguzi.

Upande wa tatu ni imani na utamaduni. Flanders na Wallonia zilipiga marufuku mwaka 2019 kuchinja mnyama bila kumtia ganzi kwanza. Bunge la Brussels lilikataa marufuku hiyo mwaka 2022, baada ya mjadala uliowagawa hata walioketi pamoja serikalini. Kwa mpiga kura wa mrengo wa kushoto asiyefuata dini, hilo lilikuwa suala la haki za wanyama. Kwa mpiga kura wa mrengo huohuo aliye Mwislamu au Myahudi, lilikuwa suala la kuheshimiwa. Fouad Ahidar, aliyekuwa mbunge wa Vooruit, alitoka na kuanzisha orodha yake mwenyewe. Mwaka 2024 alipata viti vitatu kati ya 17 vya wasema Kiholanzi. Vooruit ilipata viwili.

Juu ya hayo yote kuna suala la uaminifu. Mwaka 2017 meya Msoshalisti wa jiji la Brussels, Yvan Mayeur, alijiuzulu kutokana na posho za vikao alizolipwa na shirika linalohudumia watu wasio na makazi. Desemba 2022 polisi wa Ubelgiji walikamata mabunda ya fedha taslimu katika uchunguzi wa rushwa kwenye Bunge la Ulaya, na kundi la Wasoshalisti ndilo lililotikisika kuliko mengine. Vyama vingine navyo vina kashfa zake. Ila chama kinachosema kiko upande wa maskini hupimwa kwa mizani tofauti, na tunaona ni haki kipimwe hivyo. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa maana ya posho za vikao.

Kuingia au kukaa nje

Baada ya uchaguzi ndugu wawili hawa wa Kisoshalisti walichagua njia tofauti, na hapo tunapata somo zuri kuliko lililomo katika vitabu.

Vooruit iliingia serikali ya taifa ya Bart De Wever, iliyoapishwa Februari 2025, pamoja na wahafidhina na waliberali. Hoja yake ni kwamba bila yeye mezani mambo yangekuwa mabaya zaidi: Frank Vandenbroucke alibaki waziri wa afya, na mfumo wa mishahara kupanda pamoja na bei haukufutwa. Gharama yake nayo inaonekana. Serikali hiyohiyo imeweka kikomo cha miaka miwili kwa fidia ya kukosa kazi, kuanzia 2026. Na mwaka 2025 ada ya kuomba uraia ilipandishwa kutoka yuro 150 hadi 1,000. Kwa msafishaji, hiyo ni sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Kwa maneno mengine, chama chenye jina la ushirika wa mkate kimo katika serikali iliyopandisha bei ya tiketi ya kuingilia kwenye kura.

PS ilikaa nje ya serikali ya taifa, na katika mkoa wa Brussels ilikataa kushirikiana na N-VA, chama cha De Wever. Ilibaki safi, lakini mji ulibaki bila serikali kamili kwa muda uliovuka siku 541, ile rekodi ambayo nchi yenyewe iliiweka mwaka 2010 na 2011. Wakati huo mashirika madogo yanayotegemea ruzuku, yakiwemo yanayofundisha lugha na kuwapokea wageni, yalibaki hayajui yatapata nini.

Kwa hiyo anayeingia anachafuka, na anayekaa nje anaonekana hana faida. Chama chenye nyumba yake, yaani chenye kazi yake miongoni mwa watu, kingeweza kustahimili hali yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu watu wangekijua kwa mambo mengine. Chama kinachojulikana kwa uchaguzi tu hakina akiba.

Si Ubelgiji peke yake

Mwaka 1999 vyama vya mrengo huu viliongoza serikali 11 kati ya 15 za Umoja wa Ulaya. Tazama kilichofuata. PASOK ya Ugiriki ilipata asilimia 43.9 mwaka 2009, na Januari 2015 ikaambulia asilimia 4.7, baada ya kusimamia ukataji mkali wa mishahara na pensheni. Leba ya Uholanzi ilishuka kutoka viti 38 hadi 9 mwaka 2017. Wasoshalisti wa Ufaransa waliokuwa Ikulu mwaka 2012 walipata chini ya asilimia 2 katika uchaguzi wa rais wa 2022, na makao yao makuu ya Paris yalikuwa yameshauzwa. SPD ya Ujerumani ilikuwa na asilimia 40.9 mwaka 1998. Februari 2025 ilipata 16.4. Uingereza, Leba ilinyakua viti zaidi ya 400 mwaka 2024, lakini kwa asilimia 33.7 tu ya kura.

Dawa zinazopendekezwa ni nyingi. Denmark, chini ya Mette Frederiksen, Wasoshalisti walichagua ukali dhidi ya wahamiaji pamoja na pensheni bora kwa waliofanya kazi ngumu. Walishinda chaguzi mbili za Bunge, 2019 na 2022, lakini Novemba 2025 walipoteza umeya wa Copenhagen, walioushika kwa zaidi ya miaka mia moja. Hispania ilichukua njia nyingine: kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kutoka yuro 736 mwaka 2018 hadi 1,184 mwaka 2025, na mpiga kura anaweza kukiona katika hati yake ya malipo. Kwa maoni yetu, mfano wa Hispania una mafunzo zaidi, kwa sababu faida yake inamfikia hata mhamiaji anayeosha vyombo hotelini, wala haimtaki mtu amchukie mwenzake ili aipate.

Na kwetu?

Walimu wetu wakituuliza haya yanahusu nini Afrika Mashariki, tunajibu kwa mfano wa Tanzania. TANU nayo ilikuwa na miguu ya namna hii. Kulikuwa na ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, tangu miaka ya 1930, na ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulioongozwa na Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri wa fedha. Miungano ya wafanyakazi wa bandari na mashamba nayo ilisaidia kudai Uhuru. Baadaye chama kilipokamata dola, mwaka 1964 miungano huru iliunganishwa katika NUTA chini ya mkono wa serikali, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Ujamaa ulitangazwa Arusha mwaka 1967 kwa maneno ambayo bado yanatusisimua. Lakini jamaa wenyewe, wakulima waliokuwa wamezoea kupima pamba yao na kuchagua viongozi wao, walipokonywa chombo chao. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo walitoa Azimio la Tabora wakitaka kuihuisha misingi ile. Swali letu kwao ni lilelile tunalowauliza PS na Vooruit: azimio tumelisikia, je, tanuri liko wapi?

Tunachoona

Hatuamini kwamba mrengo huu umekufa. Miungano ya hapa ilijaza barabara za Brussels zaidi ya mara moja mwaka 2025 kupinga mageuzi ya pensheni na fidia, na waandamanaji hawakuwa wazee tu. Mahitaji yapo: kodi ya nyumba inapanda, vibali vinachelewa, kazi ni za muda. Kinachokosekana ni mahali ambapo msafishaji wa Matonge, mwalimu wa Ixelles na kijana wa baiskeli wa Molenbeek watakutana kwa shida moja na kuitatua pamoja kabla hawajaulizwa kura yao ni ya nani.

Nasi tuna la kufanya, dogo lakini halisi. Uchaguzi ujao wa manispaa utakuwa mwaka 2030. Mwanaklabu asiye raia ambaye wakati huo atakuwa ametimiza miaka mitano hapa anaweza kujiandikisha katika ofisi ya manispaa yake. Tunashauri afanye hivyo mapema, na amwambie na jirani yake. Wengi wetu tunafanya kazi za muda kwa mkataba wa wanafunzi. Miungano yote mitatu ya nchi hii inapokea wanafunzi, na wachache mno kati yetu tumewahi kuuliza. Na wale wanaozungumza Kiswahili, Kifaransa na Kiholanzi kwa pamoja wana kipaji ambacho vyama vingi vya mji huu havina: wanaweza kumsomea mama wa Goma barua iliyotoka ofisi ya fidia, aielewe, na ajue nani wa kumwendea.

Wale waokaji wa 1885 walianza na jambo dogo kama hilo. Mtu alipewa mkate wenye uzito kamili, akarudi kesho yake.